Jina Chini ya Ukucha wa Kuku

Sogeeni mbele kidogo. Hao waliokaa karibu na mlango wana haraka ya kwenda wapi? Leo nawapa mfano, na mfano wenyewe unatuhusu sisi, kwa hiyo mtu asigeuke kumtazama jirani yake.

Palikuwa na mama mmoja mchapaji wa fulana. Ana chumba chake pale mjini, kompyuta moja, mashine moja ya kuchapia, na maneno matamu kwa wateja. Akina mama wa usharika wakamletea kazi: fulana za jubilei yao, ziwe na picha ya kuku aliyefunika vifaranga kwa mbawa zake. Sasa yule mama kuchora hajui hata yai. Akaingia mtandaoni, akatafuta, akampata kuku. Jamani, kuku hasa! Unamwona mpaka kifaranga mmoja anachungulia kwenye manyoya. Na chini ya ukucha wa kuku pameandikwa jina la mchoraji: Nsajigwa. Akaipakua ile picha. Kisha akachukua kifutio cha kwenye kompyuta, akalifuta jina, herufi moja moja, taratibu, mpaka pakabaki vumbi la uwanja tu.

Akina mama walipoona sampuli wakapiga vigelegele. Mwenyekiti wao akamshika mkono.

"Haa, mwenzetu! Huyu umemchora mwenyewe?"

Hapo ndipo angesema. Lakini sifa ni tamu, na ninyi mnajua. Akainamisha kichwa, akatabasamu. "Tunajitahidi, mama."

"Basi tuchoree na wa pili, tumweke mgongoni. Vifaranga wamekua, wanatoka chini ya mbawa. Mkono uwe huohuo. Ukiona huwezi tuambie mapema, kazi yote tuipeleke kwingine."

Tabasamu likamkauka. Akarudi kwenye chumba chake, akajaribu kuchora. Mnacheka? Alichora kitu chenye miguu mitatu! Akatafuta mtandaoni kuku wa kufanana na yule, wapi. Akaiona aibu inakuja, na kazi ndiyo hiyo inaondoka. Moyo ukamuuma kweli kweli. Mwisho akajiambia, mwenye mkono huu si yupo? Na jina lake alilikumbuka vizuri tu. Utalisahauje jina ulilolifuta mwenyewe?

Akamtafuta mpaka akapata namba yake. Akapiga.

"Shikamoo mama," akasalimia kijana wa upande wa pili.

"Marahaba, mwanangu. Mimi... mimi nimekuibia kuku."

Nsajigwa akacheka. "Yule mwenye vifaranga? Mama, yule nilimtoa bure. Nimeandika palepale kwamba mtu yeyote amtumie, hata kwenye biashara. Nilichoomba ni jina langu libaki, basi. Hukusoma?"

"Sikusoma, baba. Nilikuwa na haraka ya kuchukua." Akamweleza yote, habari ya akina mama na kuku wa pili wanayemtaka.

"Unaona sasa. Wenzako wakiliona jina wananitafuta, nami nawachorea wanachotaka. Hao akina mama wako wangenipata wapi? Wa pili nitakuchorea. Lakini kwanza nenda kawaambie huyo wa kwanza ni wa nani."

Mnasikia, ndugu zangu? Uongo wote ule, jasho lote lile, na kumbe alikuwa anaiba kitu ambacho ameshapewa zawadi!

Akaenda, akawaambia, huku anasubiri kufukuzwa. Mwenyekiti akamtazama, akamtazama tena. "Wewe mwanamke umetudanganya, na imetuuma," akasema. "Lakini huko kwingine hawana huyu Nsajigwa. Mrudishie jina lake, halafu uchape."

Vijana wa kwaya, ninyi mnaopamba mabango kwa picha za watu, nawaona mnavyotazama chini. Si kila kilichoko mtandaoni kimetolewa bure. Kuna picha ambayo mwenyewe hajaruhusu, hiyo muombe, akikataa iache. Someni kwanza mwenye kazi amesema nini. Hakimiliki ndiyo hiyo, wala haina haja ya mwanasheria hapa.

Lakini sisi sote tumebaki salama? Hiyo sauti unayoimbia, umeichora wewe? Mtoto wako amefaulu, shamba limejibu, mgonjwa ameinuka. Watu wanatupigia vigelegele, nasi tunainamisha kichwa: "Tunajitahidi." Halafu siku tunapoishiwa tunakaa na kuku wetu wa miguu mitatu, tunalia kwamba hatuna wa kumwendea.

Yupo. Wala hana kinyongo, alishatoa tangu zamani, na cha pili bado anacho. Namba yake huna haja ya kuuliza mtu. Jina unalikumbuka, si ni wewe uliyelifuta? Basi lirudishe mahali pake, umpigie leo.