Yai la Kukaguliwa

Yai la kukaguliwa halianguliwi. Methali hiyo mmeisikia leo kwa fundi aliyewafukuza karakana, mkadhani anawatukana, kisha mkaja kwangu kuuliza imetoka wapi. Haikutoka kwa wahenga, wala haina umri wa kuwazidi nyinyi sana. Zimeni hizo simu kwanza. Mambo yalianzia hapa.

Palikuwa na kampuni kubwa ya mafuta ya alizeti hapa Singida. Mwaka mmoja mkurugenzi wake alirudi kutoka kwenye mkutano wa ng'ambo akiwa na neno jipya mdomoni. Alitaka ndani ya kampuni ile kongwe zizaliwe kampuni changa, vijikampuni vya wafanyakazi wenyewe, vipewe chumba, vilelewe miezi mitatu, vitoke na biashara mpya. Mpango ukaitwa Atamizi, kwa kuwa kuku huatamia mayai mpaka akaangua vifaranga. Chumba kikatandikwa zulia la kijani, kikajazwa viti vya rangirangi. Kukisimamia akateuliwa Sikudhani Ntandu wa idara ya mauzo, mwanamke mchapakazi aliyeamini kwamba mkubwa akishasema jambo, jambo limekwisha.

Mtu wake wa kwanza alikuwa Elibariki Mkumbo, fundi mkuu wa mitambo ya kukamulia. Mkumbo alikuwa ameunda pipa dogo lenye pampu ya mkono. Ukivuta mara moja linatoa robo lita kamili, hakuna kumwaga, hakuna inzi. Mnajua watu wengi mtaani hununua mafuta ya kupima, na mnavijua vile vipimo vya dukani vilivyobonyea tumbo. Pipa la Mkumbo halikuwa na ujanja huo. Lakini ili aingie Atamizi alitakiwa kuacha cheo chake, na kiti chake akapewa mwingine siku hiyohiyo.

"Dada Siku, hili likifa mimi sina pa kurudi," Mkumbo alimwambia. "Nina watoto wanne shuleni."

"Halifi," Sikudhani akajibu. "Nakupa ahadi yangu."

Sharti la mkurugenzi lilikuwa moja, na kwa kulisikia tu lilikuwa jepesi. Pipa likae dukani liuze wiki tatu mfululizo. Likifaulu, kampuni itaunda mengine na Mkumbo ataongoza kazi hiyo. Miezi mitatu ikiisha bila hivyo, Atamizi inafungwa. Sikudhani akalipeleka mtaa wa Misuna kwa Mama Hawa, mwenye duka na mfugaji wa kuku wa kienyeji, mama ambaye ulimi wake haukuwa na breki. Jumatatu pipa likawekwa dukani. Wateja wakaja na chupa zao, wakajaziwa, wakaenda kuwaambia majirani.

Jumatano gari la kampuni likaja kulichukua. Idara ya ubora ilitaka kuona ndani. Wakalifungua, wakachungulia, hawakuona kitu, wakalirudisha baada ya siku nne pampu ikiwa imelegea. Mkumbo akalirekebisha na hesabu ya wiki tatu ikaanza upya. Wakaja watu wa sheria: maandishi ya lebo ni madogo. Wakaja wa usalama: je, mtoto akitia kidole? Wakaja wa masoko: njano hii si njano yetu. Ila watu wa ugavi ndio wanaonichosha hata mimi ninayesimulia. Walidai nukuu za bei kutoka kwa wauzaji watatu, za springi ambayo Mkumbo aliing'oa kwenye pampu ya baiskeli yake mwenyewe. Jamani! Ajiandikie barua tatu, ajishindanishe na nafsi yake? Na kila aliyekuja alisema anataka kusaidia tu, na kila msaada ulihitaji sahihi, na mwenye sahihi yuko safarini.

Sikudhani alikimbia mlango hadi mlango akiwalaani wenye mihuri wote. Ijumaa ya wiki ya tisa alifika Misuna na gari, safari hii yeye mwenyewe badala ya kumtuma dereva. Mama Hawa alikuwa anapima sukari, na wateja watatu walikuwa wamesimama na chupa mikononi.

"Shikamoo, Mama Hawa. Nimekuja kuliazima kidogo. Jumatatu nalirudisha."

"Marahaba. Linakwenda wapi tena?"

"Makao makuu. Kila Ijumaa nawafanyia wakubwa onyesho, wasije wakakata tamaa."

"Onyesho la ngapi hili?"

Sikudhani akahesabu kimoyomoyo. "La nane."

"Kumbe!" Mama Hawa akaweka sukari chini. "Mimi nawalaumu wale wa magari, kumbe na wewe umo!" Akamshika mkono, akamvuta hadi uani, ambako kuku jike mwekundu alikuwa amelalia mayai ndani ya tenga bovu. "Huyu yuko siku ya kumi na sita. Nikimwinua kila asubuhi, mara mjomba aone, mara shangazi aone, ataangua nini?"

"Hataangua kitu."

"Yatakuwa viza matupu. Nanyi mmejiita Atamizi! Mwanangu, kuatamia ni kukaa. Huyu hajasoma, lakini kukaa anakujua. Siku ishirini na moja, wiki tatu zilezile za mkurugenzi wenu."

"Nisipolipeleka watauliza, mama."

"Na ukilipeleka, wanajibu nini?"

Sikudhani alirudi garini mikono mitupu. Aliondoka amemkasirikia Mama Hawa, na kabla hajafika barabara ya lami hasira yote ilikuwa imemgeukia mwenyewe. Aliwahesabu wabaya wake wote akasahau kujihesabu. Gari lilirudi tupu, na onyesho halikufanyika.

Jumanne watu wa usalama wakalichukua tena pipa. Safari hii walikaa nalo mpaka miezi mitatu ikaisha.

Mkurugenzi akaunda kamati. Kamati ikaandika kwamba pipa halina thamani kwa kampuni. Atamizi ikafungwa, Mkumbo akaambiwa akasubiri nyumbani mpaka nafasi ipatikane, na Sikudhani akaamriwa kuondoa vitu chumbani. Kwa kazi hiyo alifungua kabati la fomu. Kila fomu ya kampuni ile ilikuwa na mistari saba ya sahihi, isipokuwa moja, fomu ya kuondoa vifaa chakavu. Hiyo ilikuwa na mstari mmoja, maana takataka hazigombaniwi. Sikudhani aliisoma mara mbili, akacheka mpaka akafuta machozi. Akaandika: "Pipa moja na michoro yake. Halina thamani kwa kampuni, kwa mujibu wa ripoti ya kamati." Akatia sahihi yake, akalichukua pipa kwa watu wa usalama, akalipakia kwenye mkokoteni, akampelekea Mkumbo.

Pipa likarudi kwa Mama Hawa, na hakuna aliyekuja kulitazama. Nani anakagua taka? Likakaa siku kumi, likakaa ishirini na moja, likapitiliza. Wenye maduka wa mitaa ya Kibaoni na Utemini wakaanza kumfuata Mkumbo kila mmoja akitaka lake. Mkumbo akaajiri mafundi wawili wa kuchomelea, na hakurudi tena kuulizia ile nafasi.

Ndipo mkurugenzi alipoambiwa kwamba mafuta yake mwenyewe yanauzika Misuna kuliko mtaa mwingine wowote. Akaja na wakuu wa idara wanne, wote wamevaa tai, Sikudhani akiongoza njia. Mkumbo alikuwa amesimama kando ya pipa. Alipowaona, akalisogelea zaidi.

"Kumbe ndilo lilelile!" mkurugenzi akasema, na mkono wake ulikuwa umekwisha kuunyookea mfuniko. "Hebu tulifungue tena tuone linavyofanya kazi."

"Kama ni mafuta mnataka, foleni inaanzia kule nyuma," Mama Hawa akasema.

"Dakika moja tu, mama. Tunataka kusaidia."

Sikudhani, aliyekuwa amesema "sawa, mkurugenzi" kwa miaka kumi na moja, akatangulia kuweka kiganja chake juu ya mfuniko. Hakukiondoa.

"Hapana, mkurugenzi," akasema. "Yai la kukaguliwa halianguliwi."