Kitabu cha Shujaa na Zamu ya Maji

Uvumi huo Rogathe aliusikia Jumapili, nje ya kanisa, wakati wa mnada wa sadaka, na tangu hapo ulimganda kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Kuku na mikungu ya ndizi iliyotolewa sadaka ilikuwa ikinadiwa, watu wakipandishiana bei kwa vicheko, ndipo jirani yake Jenifer alipomwinamia na kumnong'oneza.

"Mama Blessing, umesikia habari za yule mwanamke wa kule Kifaru? Kauza kitabu cha katuni, cha mtu anayeruka angani. Kitabu kikuukuu, eti! Sasa anaezeka bati la msauzi, lile la rangi la wenye pesa."

"Kitabu cha katuni tu?"

"Wewe! Mnunuzi ni Mzungu, anavitafuta kama dhahabu. Ijumaa atakuwa Same, karibu na stendi, kwa Swalehe muuza vitabu, halafu anaondoka zake."

Rogathe akakumbuka kitu kilichokuwa nyumbani kwake. Katika mnada kama huo aliwahi kununua furushi la vitabu vilivyoachwa na wageni wa usharika. Ndani yake kilikuwamo kitabu chembamba cha katuni, na jaladani amechorwa shujaa mwenye kinyago na joho la bluu, amebeba gari begani kama mtu aliyebeba mzigo wa kuni. Kitabu hicho kilikaa juu ya kabati, kikila vumbi. Hakuna aliyekijali.

Sasa Ijumaa hiyo ilikuwa na jambo lake. Upande wao wa Vudee, juu mlimani, palikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope katika ndiva, bwawa walilochimbiwa na mababu kwa ajili ya kumwagilia mashamba. Desturi haikuwa na upendeleo. Kila kaya ilete mtu mzima. Asiyeonekana mpaka lango la ndiva linafungwa, zamu yake ya maji anapewa mwingine. Mtoto wa shule hahesabiwi. Rogathe alikuwa mjane, mtu mzima pekee nyumbani mwake, na maharage yake yalikuwa yametoa maua juu ya udongo uliopasuka kama kisigino cha mkulima. Yakikosa maji ya zamu hiyo yatakauka, na yakikauka mwanawe Blessing, aliyekuwa darasa la saba, hatakuwa na sare wala godoro la kwendea sekondari.

Alhamisi jioni Rogathe alikishusha kitabu, akakipangusa. Kilikuwa kimechakaa kingo, na pini zake zilikuwa na kutu. Akaona aibu kupeleka kitu kichafu mbele ya mgeni. Basi akakitengeneza kama mama yeyote anavyotengeneza daftari la mtoto shule zinapofunguliwa. Alizing'oa zile pini, akakishona mgongoni kwa uzi mweusi. Alikata kwa mkasi kingo zilizochanika, kikanyooka. Mwisho akakijalidi kwa karatasi ya kaki na kuigandisha kwa uji mzito wa ngano.

"Mama, kwani kesho huendi msaragambo?" Blessing akauliza.

"Nitarudi mapema."

"Na ukichelewa?"

"Nikichelewa tutanunua maharage dukani kama watu wa mjini. Tena tutayala na nyama!"

Blessing hakucheka. "Maharage yetu yana maua, mama."

"Nyamaza, nishikie hapa pakauke."

Kulipopambazuka, Rogathe alivaa gauni la kanisani na viatu vyake vyeusi, akapanda pikapu iliyokuwa ikipeleka ndizi Same. Walipokuwa wakiteremka aliwaona wenzake wanaelekea kwenye ndiva na majembe mabegani. Akageuza uso.

Swalehe alikuwa mzee mwenye kofia ya kufuma, ameketi mbele ya vitabu vilivyopangwa juu ya turubai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Namtafuta yule Mzungu anayenunua vitabu vya katuni."

Swalehe alicheka mpaka kofia ikamwinamia. "Hata mimi namtafuta! Kila anayeshuka mlimani ananiuliza habari zake. Sijawahi kumwona. Haya, hebu tukione."

Rogathe alikitoa kwenye mkoba kwa mikono miwili. Mzee alipoiona ile kaki na ule uzi, kicheko kilimkatika.

"Mama, nani amekifanya hivi?"

"Mimi. Nimekitengeneza."

"Lo! Umekishona kama godoro." Akakigeuzageuza. "Sikiliza, mama. Ni kweli kwamba kitabu cha namna hii kinaweza kuwa na thamani. Lakini wanaovinunua wanataka kiwe kama kilivyotoka kiwandani. Pini zake zilezile, kingo zote, jalada halijaguswa na gundi. Ukikishona, thamani imekwenda. Ukikikata ndiyo kabisa."

Rogathe akakaa pale chini bila kukaribishwa, na gauni lake la kanisani. Bati la msauzi, sare, godoro, vyote aliona amevikata yeye mwenyewe kwa mkasi wake. "Nimemwua mwanangu," akasema, na machozi yakamlenga.

"Hebu ngoja kwanza. Hukuniacha nimalize." Swalehe alivaa miwani, akafungua ukurasa wa ndani, akafuata kwa kidole maandishi madogo ya Kiingereza. "Hiki kimechapwa upya. Toleo lenye thamani ni la kwanza, la zamani sana. Hivi vya kurudiwa vilichapwa kama utitiri, mpaka kwenye marobota ya mitumba vinakuja. Hata kingekuwa kipya, ningekupa bei ya sukari robo."

"Sukari robo?"

"Tena kwa kukuonea huruma."

"Kwa hiyo sikukiharibu mimi?"

"Wala. Umaskini wake kilizaliwa nao."

Rogathe alishusha pumzi kama aliyetuliwa gunia la tangawizi mgongoni. Akacheka, akajifuta macho. Kicheko kikamkauka ghafla, maana alikumbuka ndiva.

"Mzee, saa hizi gari la Vudee lipo?"

"Lile pale linawasha injini. Kimbia!"

Njia nzima ya kupanda mlima roho ilikuwa juu juu. Kila mara dereva aliposimama kushusha abiria, Rogathe aliona maua ya maharage yanapukutika. Aliposhuka alivua viatu, akakimbia navyo mkononi mpaka kwenye ndiva. Tope lilikuwa limekaribia kwisha. Watu walikuwa wakisogeza mawe ya kufungia lango, na Zephania, msimamizi wa maji, alikuwa ameshaliita jina lake bila kujibiwa. Clemence, mwenye shamba la jirani, alikuwa ameshaiomba ile zamu.

"Nipo!" Rogathe akapiga kelele. "Kaya yangu ipo!"

Watu wakageuka, wakaliona lile gauni.

"Mama Blessing," Zephania akasema, "umekuja kazini au umekuja kubatizwa?"

"Kazini, baba."

"Jembe liko wapi?"

"Jembe sina. Nina mikono."

Clemence akanung'unika, "Kazi imekwisha, huyu anakuja kunawa tu."

Zephania alitazama lango. "Jiwe la mwisho halijawekwa. Desturi ni desturi. Mama, ingia."

Rogathe aliingia, tope likampanda mpaka magotini. Clemence alimtazama kidogo, kisha akamsukumia karai. "Haya, zoa. Na ukiteleza hatukuokoi, gauni lenyewe zito."

Alizoa kwa mikono miwili mpaka lango likafungwa. Zamu ikabaki yake. Siku ya zamu hiyo, maji yalipoingia kwenye mifereji ya maharage, alisimama na Blessing wakayatazama yakinyweka ardhini.

"Na kitabu, mama?"

"Kimeshonwa vizuri. Kisome."

Basi mzazi mwenzangu unayesoma haya, jihadhari:

Usiamini bei ya kitu ambacho hujamwona aliyekinunua.

Usishone, usikate wala usigandishe kitabu cha zamani kabla hakijaonwa na anayekijua.

Usimnyamazishe mtoto anayekukumbusha shamba.

Usiikimbie kazi ya wenzako, maana maji ni yao na ni yako.

Usiache mbachao kwa msala upitao.