Nani Amshike Mkono Bi Zaina?

Sogeeni karibu, na atakayepata jibu mapema alifumbie mdomo mpaka nimalize.

Walikuwapo ndugu watatu wa kike wa Wete, tumbo moja. Batuli alikuwa fundi wa kupaka hina. Ua akiliona mara moja, mkono wake ulilichora vilevile. Somoe alikuwa na sikio. Adhana ikisikika kwa mbali, alikwambia ni msikiti gani na nani anaadhini. Mize hakuwa na ufundi wowote, ila hasukumwi. Akisema hapa, ni hapa.

Mama yao, Bi Zaina, aliugua moyo. Wakampeleka kutibiwa nchi ya mbali, yenye lugha na herufi wasizozijua. Msafara uliongozwa na ami yao, Faki. Walipofika, hospitali ikaamua mama akapasuliwe mji mwingine, kesho yake mchana. Gari la wagonjwa lilimchukua yeye na muuguzi tu. Alipokuwa akipandishwa akasema, "Siingii chumba cha kupasuliwa mpaka nimshike mkono mmoja wenu. Msipokuja, nirudisheni Pemba na moyo wangu mbovu."

Na daktari alikwisha sema moyo ule hauwezi kungoja zamu nyingine.

Asubuhi Ami Faki akawaambia, "Kaeni. Nimeagiza gari. Nyinyi hata vibao hamvijui, mkipotea nimtafute nani kwanza?"

"Gari linakuja lini, Ami?"

"Linakuja."

"Basi sisi tunakwenda," akasema Mize, akavaa buibui lake.

Mwenye nyumba ya wageni aliwaonyesha kwa kidole basi la kwenda stesheni. Lilikuwa limejaa. Kondakta akawapungia mkono washuke. Mize akakaa kwenye ngazi ya mlango, akashika chuma. Kondakta akapayuka kwa lugha yake; Mize akamjibu kwa Kiswahili, "Payuka, baba. Mamangu ananingoja." Abiria wakacheka, wakabanana, basi likaondoka na wote watatu. Wangelikosa lile, treni wasingeiwahi.

Stesheni ilikuwa na treni nyingi, na vibao vyote ni mikunjo mitupu. Batuli akafungua kiganja. Jana yake dereva wa gari la wagonjwa aliutaja mji huku akiwaonyesha jina lake ubavuni mwa gari, naye akalichora kwa hina kabla halijamtoka. Sasa akapita kibao kwa kibao, kiganja juu, kama mtu anayelinganisha vitambaa dukani.

"Hii."

"Una hakika?"

"Mkia huu umepinda kushoto. Wa ile umepinda kulia. Pandeni."

Ndani walisimama, watu wamejaa hata madirisha hayaonekani. Somoe akafumba macho. Jina la mji alilisikia mara moja tu, dereva yule alipolitaja. Kila kipaza sauti kilipoita stesheni, Batuli alimgusa.

"Hapa?"

"Nyamaza."

"Hapa?"

"We Batuli, nyamaza!" Halafu akafumbua macho. "Shukeni!"

Wakashuka, mlango ukafungwa nyuma yao. Gari lile lile la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, mbele ya hospitali.

Walimkuta mama mlangoni pa chumba cha kupasuliwa, kitanda kimeshaingizwa nusu, kichwa chake kiko ndani, anabishana na madaktari kwa Kipemba. Muuguzi akawatazama wale watatu, akanyoosha kidole kimoja. Mmoja tu.

Hapo simu ya Mize ikalia. Ami Faki. "Gari bado halijafika. Msiingie! Mkubwa wa msafara ni mimi, wa kumshika mkono nitamchagua mimi."

"Ami," akasema Mize, "wewe ngoja gari lako." Akaikata.

"Bila mimi mngekuwa bado barabarani," akawaambia nduguze.

"Bila mimi mngekuwa mji mwingine," akasema Batuli.

"Bila mimi," akasema Somoe, "mngekuwa bado ndani ya treni, stesheni yenu imeshapita."

Ndani mama akaita, "Nani amekuja?"

Msiniambie waingie wote. Mlango umekubali mmoja. Wala msiniambie mkubwa ndiye aamue. Mkubwa tumeshamkatia simu. Mama ameunyoosha mkono. Je, wewe ungemwingiza nani?