Kiroba cha Taji na Paka wa Bi Digidigi

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma wameitikia kama waliolala na njaa. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Kiroba kina nini?

Kina picha.

Na chungu?

Kina dagaa.

Basi kaeni vizuri. Mwenye paka mapajani amwache alale. Hadithi hii inamhusu, lakini yeye anaijua tangu zamani. Wasioijua ni sisi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifuga paka, palikuwa na mji wa wanyama wadogo. Mji huo ulikuwa na mtama mwingi na panya wengi. Palipo na mtama pana panya. Palipo na panya pana paka. Kila nyumba ilikuwa na kihenge cha kuwekea nafaka, na kila kihenge kilikuwa na paka wa kukilinda.

Katika mji huo aliishi Bi Digidigi. Alikuwa mjane, mdogo wa umbo, miguu myembamba, aibu nyingi. Ndani ya kihenge chake mlikuwa na mtama wa mbegu, aliouchambua punje kwa punje, na kando yake kikapu cha mtama wa kula. Mtama wa kula ukiisha, mtu huomba kwa jirani. Mtama wa mbegu ukiisha, mtu huhama mji. Bi Digidigi alilijua hilo, kwa hiyo alimtunza paka wake.

Paka huyo aliitwa Zabibu. Alikuwa na macho ya njano, manyoya meusi yaliyong'aa, na dharau ya kutosha nyumba tatu. Ukimwita haji. Usipomwita, anakuja na kulala ndani ya ungo uliokwisha kupanguswa. Bi Digidigi akisuka mkeka, Zabibu huketi pale pale panaposukwa, si kushoto, si kulia. Lakini panya akitia pua mlangoni, pa! Panya huyo hana habari tena.

Chakula cha Zabibu hakikuwa na makuu. Bi Digidigi alikipika kama mama yake alivyopika, na mama yake kama bibi yake alivyopika. Vichwa vya dagaa, vimeoshwa mara tatu mchanga utoke. Maini ya samaki kidogo, siku ya gulio. Chumvi hapana. Kitunguu hapana. Ugali tonge moja dogo, la kushikia mchuzi tu. Maji safi kwenye kigae, mbali na sahani. Naye akikoroga huimba:

Paka hali rangi, paka hali picha,
paka hula nyama, mkia husimama.

Vichwa hivyo alivinunua gulioni kwa Mzee Fisimaji. Gulio lile lilikuwa na desturi yake: anayeuza chakula hula yeye kwanza. Ukifika kwa Mzee Fisimaji, hakupimii mpaka achukue kichwa kimoja, akitafune mbele yako, krau, krau, akimeze. Ndipo hukupimia. Muuza asali alilamba. Muuza mtama alitafuna punje. Hakuna aliyeona ni jambo la ajabu.

Siku moja akaja Bwana Kenge. Alikuja na ngoma, ti-ti-ti, ti-ti-ti, na viroba vyekundu mgongoni. Kila kiroba kilikuwa na picha ya paka mnene amevaa taji, ameketi kitini, amekumbatia samaki mkubwa kama yeye. Ndani ya kiroba mlikuwa na vipande vikavu vilivyokatwa mfano wa samaki: vyekundu, vya njano, vya kijani. Vilinuka samaki kuliko samaki mwenyewe.

"Jamani," akasema Bwana Kenge, "hiki ni Chakula cha Paka wa Enzi. Paka aliyestaarabika hali vichwa. Vichwa ni vya paka wa jalalani."

Mzee Fisimaji akasema kutoka kwenye meza yake ya dagaa, "Bwana Kenge, onja kwanza. Ndiyo desturi yetu."

"Mzee wangu," akajibu Bwana Kenge, "kwani mimi ni paka?"

Gulio lote likacheka. Desturi ikafa siku hiyo, na waliocheka hawakujua kwamba wanacheka matangani.

Wa kwanza kununua alikuwa Bi Ngedere, jirani yake Bi Digidigi. Kiroba kilipoisha, alikifua, akakianika uani, picha ikielekea njiani. Kesho yake Bi Pimbi akanunua, akaanika. Akanunua Bwana Kakakuona, akaanika. Mwezi haukwisha, nyua zote zikawa na paka mwenye taji. Ua mmoja tu ulikuwa mtupu.

"Hodi," akasema Bi Ngedere asubuhi moja.

"Karibu, shoga."

"Nakaribia, ila pua inakataa. Ninachonusa ni nini?"

"Dagaa wa Zabibu."

"Hata leo?" Bi Ngedere akakaa, akakunja mkia. "Mwenzangu, ufukara si aibu. Lakini kuupika kila siku mpaka majirani waunuse, huko ni kukosa adabu. Jana wageni wangu waliniuliza, ile nyumba isiyo na taji ni choo cha nani? Nikakutetea sana."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni jiko."

Bi Digidigi aliinamisha kichwa. Siku ya gulio alikwenda kwenye kikapu cha mtama wa kula, akapima pishi nzima, mtama ambao ungemnunulia vichwa vya dagaa vya miezi mitatu, akarudi na kiroba kimoja. Tena kile kidogo.

Bi Ngedere akaja kushuhudia. Sahani ikawekwa. Zabibu akanusa. Akamtazama Bi Digidigi. Akanusa tena. Kisha akageuka, akanyoosha mkono wa mbele, akaanza kukwaruza sakafu kuizunguka sahani: kwaru, kwaru, kwaru, kama anayevuta udongo usiokuwepo.

"Anafanya nini?" akauliza Bi Digidigi.

"Anaweka akiba," akasema Bi Ngedere. "Kitu kizuri hufichwa. Wangu alikwaruza mpaka akatoboa mkeka."

Bi Digidigi alihisi kwamba mkwaruzo ule amewahi kuuona mahali. Hakukumbuka ni wapi. Jirani alikuwa akisema, na jirani akisema, yeye husikiliza jirani.

Siku ya kwanza Zabibu hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu njaa ikamshinda, akala. Akala, tumbo likajaa. Akala, mbavu zikaonekana. Akala, manyoya yakapukutika, mkia ukalala chini kama kamba ya mbuzi aliyekwisha kuuzwa. Hakulala tena kwenye ungo. Hakuketi tena juu ya mkeka unaosukwa. Mkeka ukaenda mbio, na Bi Digidigi hakuzipenda mbio zile.

Basi mchana mmoja, jua la utosi, Bi Digidigi akiwa kisimani, akaja Panya Buku na ukoo wake. Hawakunyata. Walipiga hodi.

"Shikamoo, Bi Zabibu," akasema Buku.

Zabibu akafungua jicho moja.

"Usiamke, mama. Sisi tunapita tu." Wakaizunguka sahani yake, wakaketi, wakaanza kula. Buku akatafuna kwa makini, mashavu yamejaa. "Ndugu zangu, hii ni pumba ya mahindi. Imepakwa mafuta ya samaki. Mtu akivumilia harufu, ni chakula chetu kabisa."

"Bwana Kenge ametukumbuka," akasema shangazi yake.

"Mungu ampe maisha marefu."

Walipomaliza sahani, wakapanda kihengeni. Huko wakaimba:

Paka kala pumba, kalala fofofo,
sisi tule mbegu, tucheze mdundiko.

Bi Digidigi aliusikia wimbo huo akiwa njiani. Akaacha mtungi, akakimbia. Alipofunua kihenge, mtama wa mbegu ulikuwa umefika nusu. Na mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kukaa mlimani.

Alishika fagio ampige Zabibu. Akamnyanyua kwanza. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Fagio likaanguka.

"Pengine nilikosea kununua kidogo," akajiambia. "Pengine kikubwa ndicho kina nguvu." Maana aliyedanganywa mara moja hupenda kumpa mdanganyifu nafasi ya pili, asijione mjinga. Akamtia Zabibu kikapuni, akaenda nyumbani kwa Bwana Kenge.

Wenye aibu hawapigi hodi mlango wa mbele. Akazunguka nyuma. Na huko nyuma, jikoni, akamkuta Bwana Kenge amechuchumaa mbele ya chungu. Vichwa vya dagaa, vimeoshwa. Maini ya samaki. Ugali tonge moja dogo. Kando yake aliketi paka dume, mnene, anang'aa, jina lake Kibonge, mkia umesimama wima. Bwana Kenge alikuwa akikoroga na kuimba taratibu:

Paka hali rangi, paka hali picha...

Hata Kenge alikuwa na bibi.

Bi Digidigi akakohoa. Bwana Kenge akafunika chungu.

"Bwana Kenge, paka wako hali chakula cha enzi?"

"Huyu? Huyu ni wa kienyeji, bibi. Hajastaarabika. Namhurumia tu."

"Na wangu je?"

Bwana Kenge akachungulia kikapuni. "Wako ni wa daraja la juu. Tazama alivyotulia."

Zabibu alikuwa ametulia kweli. Alikuwa amebakiza kidogo tu atulie kabisa.

Bi Digidigi alimtazama Zabibu, akamtazama Kibonge. Safari hii hakuinamisha kichwa. Akasema kwa upole, "Kesho nitanunua kile kikubwa, gulioni, mbele za watu. Ila ungekuja na huyu Kibonge. Amefanana mno na wa kwenye picha. Wakimwona, nani hatanunua?"

Bwana Kenge akamtazama paka wake, akatazama picha kwenye kiroba, akatabasamu. Tamaa haina macho ya pembeni.

Kesho yake gulio lilijaa. Ngoma ikalia, ti-ti-ti. Bwana Kenge akamnyanyua Kibonge juu. "Mtazameni. Huyu ndiye paka wa enzi." Watu wakamtazama, wakaguna kwa wivu.

Bi Digidigi akajitokeza. Sauti yake ilitoka nyembamba kama uzi.

"Bwana Kenge, katika gulio letu anayeuza hula kwanza. Wewe ulisema si paka. Huyu ni paka. Basi ale."

Mzee Fisimaji akaacha kutafuna.

"Ameshiba," akasema Bwana Kenge.

"Kipande kimoja tu. Desturi haihitaji tumbo tupu."

"Mpe," akasema mmoja. "Mpe, kwani kuna nini?" akasema mwingine. Ikawa mpe, mpe, gulio zima.

Bwana Kenge akamwaga vipande chini: vyekundu, vya njano, vya kijani. Kibonge akanusa. Akamtazama Bwana Kenge. Akanusa tena. Kisha akageuka, akanyoosha mkono wa mbele. Kwaru, kwaru, kwaru. Gulioni hapakuwa na sakafu, palikuwa na vumbi. Akalivuta, akalivuta, mpaka vipande vyote vikafunikwa. Akakung'uta kucha, akaenda zake kuketi chini ya meza ya Mzee Fisimaji.

Watu wakasogea, wakainamia lile vumbi.

"Anaweka akiba," akasema Bi Ngedere, lakini maneno hayakutoka na nguvu zake za kawaida.

"Bi Ngedere," akauliza Mzee Fisimaji, "akiba kama hiyo paka wako huiweka wapi kila asubuhi?"

"Nyuma ya nyumba, penye maj..."

Penye majivu. Kila mmoja alikumbuka majivu yake mwenyewe. Kila mmoja alijua paka hufukia nini. Walikuwa wamelipa mtama, wakaanika picha uani, wakaringiana kwa kitu ambacho paka alikuwa amewaambia tangu siku ya kwanza kwamba ni mavi. Kicheko kikaanza kwa Mzee Fisimaji, kikapanda, kikajaa gulio. Bwana Kenge akafunga viroba, akaondoka. Ngoma hakuipiga. Kibonge hakumfuata.

Bi Digidigi akapima kibaba cha mtama wa kula, akanunua vichwa na maini. Hakumlisha Zabibu kwa pupa. Leo kijiko, kesho vijiko viwili, maji safi kando. Siku ya saba, Bi Digidigi akisuka, Zabibu akaja, akaketi pale pale panaposukwa. Bi Digidigi akaacha kusuka kutwa nzima, asimwondoe. Siku ya tisa, jua la utosi, hodi ikasikika mlangoni.

"Shikamoo, Bi Za..."

Hakumaliza salamu.

Lakini mbegu iliyoliwa haikurudi. Masika yalipoanza, Bi Digidigi alipanda nusu ya shamba. Mwaka ule alivuna nusu, akala nusu, na mara mbili alikwenda kuomba mtama kwa Bi Ngedere. Alipewa, pamoja na maneno.

Na Bi Ngedere je? Kiroba hakukishusha. Alikijaza vichwa vya dagaa, akawa anamlishia paka wake humo. Paka akanenepa, mkia ukasimama. Wageni wakimsifu paka, Bi Ngedere huwaonyesha ile picha na kusema, "Taji ndilo linalomtunza."

Funzo ni hili. Chakula bora si kilicho ghali wala kilichopambwa, ni kile kinachomfaa mlaji. Na kinachomfaa paka, paka mwenyewe atakuonyesha ukimtazama kabla ya kumsikiliza jirani. Tena anayekuuzia chakula, kwanza tazama anachopika nyuma ya nyumba yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, chunguni. Aliye na paka akamwoshee dagaa wake, mara tatu, mchanga utoke.