Mende Waliosimama Kichwa Chini

Wahenga waliposema usilolijua ni usiku wa kiza, hawakuwasema wajinga peke yao. Hata msomi ana usiku wake, na mara nyingine huuingia akitembea kifua mbele.

Palikuwa na mwalimu mstaafu aliyehamia kwa mdogo wake wa kike, katika nyumba ya mwisho kabla ya matuta ya mchanga. Huko mvua ilikuwa hadithi. Nyoka alijifukia mchangani akabakiza macho tu, na mjusi alinyanyua miguu kwa zamu kama aliyekanyaga kaango la moto. Kazi ya dada mtu ilikuwa kulea mende weusi wa jangwani, si wale wa jikoni. Wale wa tuta kubwa walikuwa wamekwisha kwa kukanyagwa na magari, naye alikuwa amelea arobaini mwaka mzima, ndani ya sanduku la mchanga lililokaa dirishani, ili awarudishe kwao.

Mara mama yao akaugua, dada akaitwa kwa wiki mbili.

"Kaka, kila alfajiri fungua dirisha, ukungu uingie. Halafu ukiwaona mende..."

"Mdogo wangu, nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini. Mende ndio watanishinda?"

"Hawakushindi. Ila kuna jambo moja."

"Nenda, basi litakuacha. Niwape majani makavu, nimesikia."

Alfajiri alifungua dirisha kama alivyoagizwa. Ukungu ukajaa chumbani. Mende wakapanda juu ya mchanga, wakainamisha vichwa, wakainua makalio, wakatulia tuli huku migongo ikitota.

"Masikini, baridi imewapooza," akasema. Akawageuza mmoja mmoja, akawafuta kwa kitambaa laini kama mama anayemkausha mtoto aliyetoka kuoga. Akafanya hivyo kila siku, akajiona bingwa.

Siku ya tisa wakaanza kufa. Jirani yake alikuwa mchunga ngamia, mtu aliyezaliwa mchangani. Mwalimu aliona haya kumuuliza.

Dada aliporudi, akawahesabu. Walibaki tisa.

"Uliwanyima ukungu, kaka?"

"Sikuwanyima. Walikuwa wakisimama kichwa chini, nikawageuza. Nikawafuta maji."

Dada hakupaza sauti. "Ndivyo wanavyokunywa. Ukungu unatua mgongoni, unakuwa tone, tone linateremka mpaka mdomoni. Hawana kisima kingine."

Mwalimu akakitazama kile kitambaa kilichotundikwa msumarini. Kilikuwa bado kibichi.

"Ndilo ulilotaka kuniambia."

"Ndilo."

Neno hilo moja lilimchoma kuliko matusi. Akatafuta pa kukimbilia. "Mama anaendeleaje?"

"Hajambo, anakusalimu. Alisema moyo wake umetulia, maana mende wameachwa na mtu aliyesoma."

Mwalimu akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Alfajiri iliyofuata aliketi sakafuni mbele ya sanduku, mikono ameibana kwapani isije ikasaidia tena. Mende tisa waliinama. Tone likateremka polepole, likaingia mdomoni. Naye akainamisha kichwa, lakini la kwake liliteremka shavuni.

"Nifundishe, mdogo wangu," akasema bila kumtazama. "Nianzie darasa la kwanza."

Thelathini na mmoja walikuwa wamekwisha kufa kiu mikononi mwa mwalimu, ndani ya ukungu tele. Hakika, usilolijua ni usiku wa kiza.