Zamu ya Jumanne

Mwaka 2005, mwezi wa Novemba, vuli haikunyesha milimani Upare. Jua liliwaka wiki tatu mfululizo, na maji ya ndiva, bwawa dogo ambalo kijiji hulitegemea kumwagilia mashamba kwa zamu, yalishuka hadi magotini mwa mtu. Katika kijiji kimoja waliishi watu watatu wenye vipaji. Nakijwa alikuwa na kipaji cha kutosogea: akisimama mahali, amesimama. Mrutu, fundi viatu, alikuwa na kumbukumbu isiyoongeza wala kupunguza. Nanzia aliishika hasira yake kwa kamba fupi, kama mtu ashikavyo fahali mnadani.

Palikuwa pia na Eliamini, mdogo wake Nakijwa, ambaye hakuwa na kipaji chochote. Alikuwa na zamu ya maji ya kila Jumanne, tangu mapambazuko hadi adhuhuri. Jumanne ya tarehe 22 alikuta maji yake yameelekezwa shambani kwa Anaeli, mume wa Nanzia. Wakatukanana. Anaeli akainua panga, mkewe akiona. Eliamini akamwahi kichwani kwa mpini wa jembe. Kabla ya adhuhuri Anaeli alikuwa amekufa.

Eliamini alikimbilia nyumbani, akatia nguo katika mfuko. Mpaka haukuwa mbali, na Taveta alikuwa na binamu. Alipogeuka atoke, dada yake alikuwa ameketi kizingitini.

“Nipishe, dada.”

“Uende wapi?”

“Taveta. Mambo yakipoa nitarudi.”

“Yatapoa vipi na mtu amelala pale? Ukivuka, hakuna atakayeuliza nani aliinua panga. Watauliza kwa nini ulikimbia.”

Mama yao alimwamuru Nakijwa aondoke mlangoni. Hakuondoka. Saa nane mchana ndugu hao wawili waliingia kituo cha polisi, na Eliamini akasema, “Nimempiga mtu.” Mama alikufa miezi saba baadaye bila kumsemesha tena binti yake.

Eliamini akiwa mahabusu, baba yake mdogo alimletea hadithi iliyokwisha kushonwa: siku ile Eliamini alikuwa Same, na maneno aliyoyasema polisi aliyasema kwa kuogopa kipigo. Wanaume watatu walikuwa tayari kuapa. Alihitajika wa nne, Mrutu, maana alikuwa karibu na mfereji siku ile na angeweza kuivunja hadithi. Eliamini alikubali. Mrutu akaja kumtembelea.

“Baba yako mdogo ananiambia Jumanne ile tulikuwa Same, mimi na wewe, tunakula nyama choma.”

“Nisaidie, ndugu yangu.”

“Ndiyo nakusaidia. Wakili wa serikali ataniuliza tulikaa meza gani. Mimi nitasema ya mlangoni, mwenzangu atasema ya dirishani. Hapo utakuwa umeua, na ni mwongo pia. Halafu nyama choma, Eliamini? Kijiji kizima kinajua mdomoni nimebakiwa na meno matano.”

Eliamini alicheka kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, kisha akalia. Aliposomewa shtaka la kuua bila kukusudia, alikiri. Ukoo uliacha kumpelekea Mrutu viatu, na kabla ya mwaka kwisha alikifunga kibanda chake, akaenda kulima tangawizi kwenye shamba lisilo na zamu ya maji.

Ilibaki siku ya adhabu. Eliamini mwenyewe, kwa kudhani anafanya heshima, aliwaomba wazee wa ukoo waende kwa mjane na mbuzi wa kupoza, kama mila inavyotaka, wamwombe alegeze maneno yake mbele ya jaji. Nanzia aliwakuta njiani, hawajafika uani kwake.

“Mbuzi wa nini?”

“Wa kupoza, mama. Ni mila.”

“Mila ina siku yake. Mimi ni shahidi. Jaji akisikia mmenifikia kabla sijasema, atajua huyo mtu wenu amewatuma kuninunua. Mtamwongezea miaka, na mimi nitakuwa nimeuza kaburi. Mrudisheni.”

Wakamrudisha. Mahakamani, alipoulizwa alichokiona, Nanzia alisema: “Mume wangu ndiye aliyeinua panga kwanza. Mume wangu ndiye aliyekufa.” Akaketi. Wiki ileile shemeji zake walimnyang'anya shamba, wakamwachia yeye na wanawe pembe kavu chini ya mfereji.

Jaji alisema waziwazi kwamba alikuwa akifikiria miaka kumi na mitano. “Lakini mshtakiwa hakukimbia, hakuisumbua mahakama kwa uongo, wala hakumgusa shahidi.” Akampa minne.

Gerezani, Eliamini aliyapanga mambo hayo kwa kila namna. Angevuka mpaka, nani angesadiki kukiri kwake? Angeleta mashahidi wa uongo, kujisalimisha kungeonekana ujanja wa mwanzo. Na mbuzi angefika uani kwa Nanzia, hayo mengine mawili yasingemfaa kitu. Hakuona aliyezidi wala aliyepungua.

Februari 2007 kamati ya mfereji ilimwandikia. Zamu ya mfungwa haiachwi wazi na haigawanywi. Ataje mtu mmoja, ambaye itakuwa yake daima; asipojibu kabla ya mwezi kwisha, itarudi kwa kamati. Nakijwa alipokuja kumwona, Eliamini alimsomea barua.

“Maharage yangu yanakauka,” alisema Nakijwa. “Sikufichi.”

“Na Mrutu?”

“Tangawizi yake imekuwa ya njano.”

“Na Nanzia?”

“Ukimpa yule, watu watasema umekubali kwamba ulimuua mumewe kwa ajili ya maji.”

“Si ndivyo ilivyokuwa, dada?”

“Ndivyo. Lakini yeye atakunywaje maji hayo? Umemuuliza?”

Hakuwa amemuuliza. Askari akatangaza kwamba muda wa wageni umekwisha. Eliamini alibaki na karatasi yenye mstari mmoja mtupu, na kalamu aliyoazimwa.

Ninyi mliosikiliza: mmoja alimzuia asikimbie, mmoja alimzuia asidanganye, mmoja alimzuia asihonge, na kila mmoja alilipia wema wake. Mngeandika jina la nani? Na wale wawili waliobaki mngewaambia nini?