Domo la Bata la Bi Mwamvita

Haya, sogeeni. Anayetafuna amalize kutafuna, maana mwishoni nitauliza swali na sitaki kujibiwa na mdomo uliojaa muhogo.

Palikuwa na bendi mjini Kilosa, Mkondoa Jazz, yenye wapulizaji wawili wa saksafoni, au domo la bata kama tulivyoliita enzi zile. Mmoja ni Shomari, waliyemwita Unyoya. Huyu alipuliza kidogo, akanyamaza, akapuliza tena kidogo, na sauti moja aliivuta taratibu mpaka akina mama wakatafuta ncha ya khanga wajifute macho.

Wa pili ni Gaudensi, waliyemwita Radi. Huyu hakujua kunyamaza. Akianza yeye, chupa mezani zinatetemeka, na vijana wa suruali za mabugaluu na viatu virefu vya raizoni wanajaa ukumbini bila kualikwa.

Wa tatu hakuwa wa bendi. Ni Fundi Elinazi, wa mitambo ya kurekodia kule redioni Dar es Salaam. Kipawa chake kilikuwa masikio, na ukali pia, tusimfichie.

Na hayo madomo ya bata, jamani, hayakuwa yao. Vyombo vyote vilikuwa vya mwenye bendi, Mzee Sefu, mume wa Bi Mwamvita. Mwanamuziki akimaliza dansi alirudisha chombo stoo, akaenda kwake mikono mitupu. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Sasa miaka imekwenda. Bendi ilikufa, vyombo vikauzwa kimoja kimoja, likabaki domo la bata moja tu kwenye sanduku lake la mahameli nyekundu. Mzee Sefu naye akaugua. Siku zake za mwisho hakutaka maneno, alitaka kaseti ya wimbo mmoja, “Mwamvita Usinune”, aliowaagiza vijana wake wamtungie mkewe. Pale katikati, saksafoni inapolia peke yake, alimshika mkewe mkono.

“Hilo lililobaki,” alisema, “mpe aliyeliliza pale.”

Bi Mwamvita akaitikia. Ameahidi mtu anayekufa, na uzito wa ahadi hiyo mnaujua. Lakini wala hakuona shida. Kilosa nzima ilijua kilio kile ni cha Shomari. Yeye mwenyewe aliukumbuka wimbo ulipotoka redioni mara ya kwanza: wapo barazani, redio ya mbao iko dirishani, naye amenuna kwelikweli kwa sababu Sefu alimwahidi gauni akaleta ngoma mpya. Domo la bata likalia. Akacheka na kulia kwa pamoja, Sefu akaogopa akadhani mke amepagawa. Mpaka leo akikumbuka uso ule wa Sefu moyo unamuuma.

Arobaini ilipopita aliwaita wote watatu, Shomari apokee na wenzake washuhudie. Akawamiminia chai, akaweka kaseti. Wazee wakainamisha vichwa. Wimbo ukafika katikati, kilio kikaanza, Bi Mwamvita akamtazama Shomari. Mikono ya Shomari imetulia kwenye kikombe. Akageuka. Vidole vya Gaudensi vilikuwa vinabonyeza goti, kimoja baada ya kingine, sawasawa na muziki, na mwenyewe hana habari.

“Shemeji Gaudensi,” akauliza, “vidole vyako vinafanya nini?”

Gaudensi akavificha chini ya meza kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

“Mwambie, Radi,” Shomari akasema. “Tumechoka na jambo hili.”

Fundi Elinazi ndiye aliyeanza. “Maikrofoni ilikuwa moja tu, mama. Huyu Radi wako alikuwa anameza kila mtu. Nikamtoa studio. Nikamwambia kasimame koridoni, mlango nauacha wazi. Kumbe chumba cha pili taa nyekundu imewaka, inasomwa taarifa ya habari ya mchana. Nikamwonyesha ngumi kupitia kioo: ukipiga kelele, nakuua!”

“Nikaogopa,” akasema Gaudensi. “Nikageukia ukuta. Sijawahi kupuliza polepole maishani, nitaanzia wapi? Nikamkumbuka huyu. Tumeketi bega kwa bega miaka yote ile. Nikavuta kama anavyovuta, nikanyamaza kama anavyonyamaza. Nikamwiga, shemeji. Ndicho hicho mnachokisikia.”

“Na mimi,” akasema Shomari, “nikamsikia mwenzangu kule mbali kama amepotea njia. Nikampulizia kwa nguvu zote ili anisikie arudi. Ule mwisho ambao watu wanauvunjia viatu kwa kucheza, ni mimi. Nilipuliza Kigaudensi. Wimbo ulipotoka watu wakamsifu kila mmoja kwa kazi ya mwenzake. Tulipojaribu kusema, walitucheka. Na tukirudi jukwaani kila mtu alipiga kwa mtindo wake, mimi kilio, yeye mwisho, nani angejua?”

Bi Mwamvita akazima kaseti. “Basi ni lako, shemeji Gaudensi.”

“Pumzi ilikuwa yangu,” Gaudensi akajibu, “na sisemi silitaki. Nalitaka mno! Nikilala naota nalipuliza. Lakini kilio kile sikukizaa mimi, nilikiokota kwa huyu.”

“Kilio ni changu,” akasema Shomari, “na mimi pia nalitaka. Tangu bendi ife sijashika chombo. Ila pale hasa, kinywa changu hakikuwepo.”

“Nami nisiwe mnafiki,” akasema Fundi Elinazi. “Mimi sipulizi. Nina mjukuu wa kike, anapuliza bendi ya kanisani kwa domo la bata la kuazima. Hawa wawili kifua kimebaki cha kunywea chai. Nisingemtoa huyu nje, kila mmoja angepuliza kama siku zote, na ninyi barazani mngesikia wimbo kama nyimbo nyingine.”

“We fundi, una maneno!” Gaudensi akafoka.

Bi Mwamvita akalipakata sanduku. Hasira zikampanda, na hazikuwa juu ya wazee hawa. “Sefu, Sefu,” akasema, “umekwenda ukaniachia kesi.” Machozi yakamtoka. Mumewe angekuwa hai, Bi Mwamvita angemuuliza: wewe ulipenda nini pale, mdomo au sauti? Akabonyeza vitufe vya sanduku, kifuniko kikafunguka, shaba ikawaka. Wazee watatu wakanyoosha shingo kwa pamoja.

Yangu mimi yameishia hapo, msinitazame. Yupo aliyetoa pumzi. Yupo mwenye kilio. Yupo aliyemfukuza mtu nje hadi kilio kikapatikana. Ahadi ni moja na sanduku ni moja. Haya, wewe unayechekacheka pale: lingekuwa mapajani mwako, ungemsogezea nani?